Jina Lililo Kwenye Cheti

Tangazo lenyewe nililisikia kabla sijaliona. Mama mwenye nyumba wangu pale Igoma anauza mkaa, ana vikundi vya simu visivyohesabika, na kila kinachopita huko anakisoma kwa sauti uani, hata habari za misiba ya watu asiowajua. Asubuhi hiyo nilikuwa nampaka mwanangu mafuta miguuni ili nimpeleke chekechea. Mama mwenye nyumba akasoma: anahitajika dada wa duka la vyombo, Mkuyuni, nusu siku, saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Alete barua ya maombi aliyoiandika kwa mkono wake, nakala ya cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na picha mbili. Nikamwambia arudie pale penye nusu siku. Akarudia mara tatu, ya tatu kwa kunikejeli.

Angejua nilivyokuwa, asingenikejeli. Mwaka mzima nilikuwa natafuta kazi ya nusu siku na kila duka lilitaka mtu wa kutwa, aingie saa moja asubuhi na kutoka giza likishaingia. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Mama mwenye nyumba angeweza kukaa naye mchana tu, akishamaliza mkaa wake. Ndugu za baba yake, walioko Bunda, walishatuma ujumbe mara mbili: kama mjini kumekushinda, mtoto aje kwao, na mara ya pili walitaja kabisa kwamba watakuja kumchukua chekechea ikifungwa. Si watu wabaya. Ningekuwa wao na mimi ningemchukua. Lakini mtoto akishakulia kwa bibi yake, siku ukienda kumwona anakuamkia kama mgeni, anakuletea kiti, anakuuliza utaondoka lini. Hilo nililiogopa kuliko njaa.

Basi nikakaa kitandani nikaandika barua. Anuani, tarehe, yahusu maombi ya kazi. Nikaandika, mimi naitwa, na hapo mkono ukasimama, kama unavyosimama siku zote.

Jina lililo kwenye vyeti vyangu si langu. Mwenye jina hilo alikufa tukiwa na miaka kumi na minne na nilikuwepo tulipomzika, kijijini kwetu, ng'ambo ya ziwa upande wa Kamanga, mita chache kutoka majini. Nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Yeye alifaulu, mimi nilifeli, na sikushangaa wala yeye hakushangaa, maana hesabu zangu zote nilizipata kwenye daftari lake. Mwezi wa kumi na mbili, akiwa ameshashonewa sketi ya sekondari, alipata homa Jumatatu na Alhamisi tukamzika. Siku ya tatu ya matanga mwalimu mkuu alikuja kutoa pole. Akakaa benchi moja na baba yake marehemu na baba yangu, wakaongea chini chini. Nafasi ya kidato cha kwanza imeshatoka, jina limeshabandikwa, ikiachwa itapotea bure. Wakati ule jambo hilo lilifanyika sana, na wala halikuonekana dhambi. Mtoto mmoja amekosa, mwenzake apate. Wakakubaliana watu watatu. Mimi niliambiwa jioni nikiwa naosha sufuria za msibani. Mama wa marehemu hakuulizwa na mtu.

Januari nikaenda shule kwa jina la mwenzangu, na kwa sketi yake. Ilinibana kiunoni.

Sijui niwaelezeje watu ambao jina lao ni lao. Mwalimu akiita mahudhurio nilikuwa nachelewa kidogo kuitika, kama vile nampisha mwenyewe aitike kwanza. Walimu wakasema huyu mtoto ana usikivu hafifu, nikahamishiwa dawati la mbele. Pale mbele nikawa naacha nafasi upande wa kushoto, upande wake, mpaka msichana mwingine akalalamika kwamba namnyima pa kukaa. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilisoma jina lake kwenye orodha na nikafurahi kweli, nikasema hongera, kwa sauti, halafu nikaona haya. Mwanangu alipozaliwa muuguzi aliandika kwenye kadi ya kliniki jina la mama mzazi, nami nikalitaja bila kufikiri. Nikiwa nanyonyesha niliisoma kadi ile mara nyingi mno. Kwa mujibu wa serikali mwanangu amezaliwa na maiti. Kufikia hapo nilikuwa sipangi foleni yoyote, benki, zahanati, hata bombani, bila kuhisi yuko nyuma yangu nusu hatua, akingoja nimalize kutumia kitu chake.

Barua niliimaliza. Mwenye shida hachagui.

Jumanne mwenye duka akanipigia. Sauti ya mtu mzima, ya haraka, mama wa upande wa Mara kwa jinsi alivyokuwa anachanganya r na l. "Binti, balua yako nimeiona, mwandiko mzuri. Ijumaa saa nne uje kwenye usaili, na uje na mama yako."

"Mama yangu?"

"Aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Aje na kitambulisho, majina yalingane. Si shangazi, si mama mdogo. Mimi sichukui mtoto wa mtu bila kukabidhiwa na mzazi wake. Kama hana nafasi, niambie nimpe mwingine, wako tisa hapa." Akakata.

Mama mwenye nyumba aliposikia akajitolea papo hapo. "Mimi nitakwenda. Nitavaa kile kitenge changu cha kanisani, nitalia kidogo. Nani atajua?" Nikamwambia majina, mama, kitambulisho. Akasonya, akasema zamani watu waliaminiana.

Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa kidato cha pili. Baba alimfuata. Baba wa mwenzangu naye hayupo, na mwalimu mkuu alihamishwa zamani sijui wapi. Waliokubaliana wote hawapo. Aliyebaki ni yule ambaye hakuulizwa, na jina lake ndilo lililokuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, limepigwa chapa, mama mzazi.

Nilimwogopa yule mama. Niseme wazi, nilimwogopa kuliko marehemu mwenyewe. Kwa miaka minne ya sekondari alikuwa anakuja kila siku ya kutembelewa. Ng'ambo yote ile, na kifuko cha michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na chupa ya maziwa mgando. Anakaa kwenye nyasi, ananiangalia nikiandika. Haulizi kitu. Wala hakuwahi kuniita kwa jina lolote, si la mwanaye, si langu. Ni "wewe" tu, na "mtoto". Nilijua anamtembelea mwanaye, na mimi ndiye mlango aliokuwa anabisha. Michembe ile sikuweza kuila. Nilikuwa nawagawia wenzangu bwenini, na kila walipotafuna nilijiona mwizi. Nilipomaliza shule nikavuka ziwa, na tangu hapo kijijini nimekwenda misibani tu, na kila mara nikimwona upande huu wa uwanja mimi nahamia ule.

Jumatano nikapanda kivuko. Mwanangu nilimwacha kwa mama mwenye nyumba, kwa kumhonga gunia tupu na maneno matamu. Nilisimama karibu na magari, nikiwa nimeshajitungia hotuba nzima, na tulipofika Kamanga sikukumbuka hata neno moja.

Nilimkuta uani anaanika dagaa. Alikuwa amepungua, mabega yamekuwa ya mtoto.

"Shikamoo, mayu." Kwetu mama ni mayu, hata asiyekuzaa.

"Marahaba." Akaendelea kutandaza dagaa. "Umekonda."

Nikamweleza nikiwa nimesimama. Kazi, nusu siku, mtoto, watu wa Bunda, mwenye duka anataka mama aliyeandikwa kwenye cheti. Nilisema haraka haraka, na kwa sababu nilikuwa na hofu nikajikuta nasema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye amenikosea. Hiyo ndiyo tabia yangu, nikiogopa naonekana nina kiburi. Nikamalizia, "Kama hutaki, sema tu, nitaelewa."

Akanyoosha mgongo. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi nitavuka na kile cha kwanza." Kisha akaniambia niondoe kuku kwenye dagaa, na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Laiti tungezungumza! Kwa akili yangu nilidhani atakuja, ataonyesha kitambulisho, atasalimia, ataweka dole gumba. Ijumaa nilipompokea kivukoni upande wa mjini alikuwa amevaa gauni la kitambaa kipya, na viatu ambavyo nadhani aliazima, maana alikuwa anavitazama kila baada ya hatua chache. Njia nzima mpaka Mkuyuni tuliongea habari za dagaa, kwamba msimu umekuwa mbaya. Kila nilipotaka kumwambia ahsante neno lilikwama. Utamshukuruje mtu kwa kuja kusema uongo juu ya kaburi la mwanaye?

Duka lilikuwa limejaa mpaka mlangoni: ndoo, mabeseni, hotpoti, chupa za chai zenye maua, mafagio yamesimamishwa kwenye pipa. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye ncha ya pua, daftari kubwa mbele yake na bahasha yangu. Akamwamkia mayu kwa heshima zote, akakitazama kitambulisho, akakilinganisha na cheti cha kuzaliwa kwa kidole, herufi kwa herufi. "Vinalingana. Sasa mama, nisamehe, wewe kaa hapo nje kwenye kiti kidogo. Nianze na binti."

Nikauliza kwa nini asikae ndani.

"Kwa sababu siku hizi mama wanakodishwa," akasema. "Stendi wapo, kama baiskeli. Mwaka juzi nililetewa mama hapa, analia, ananishika miguu, mwanangu yatima wa baba. Binti akakaa wiki mbili, akaondoka na hotpoti kumi na moja na nguo yangu ya harusi ya mdogo wangu. Nikamtafuta mama mtu. Hata jina la binti hakulijua! Sasa mimi nauliza maswali matano. Namuuliza mtoto, halafu namuuliza mama, peke yake. Mtu na mwanaye hawawezi kupishana."

Nilitazama nje nikaona kisogo cha mayu, na kilemba chake, amekaa wima kama mtu aliyeko kanisani.

Hapo nikaamua kwa haraka, na niliona nimeamua kwa busara. Yule mama hakuja kwa ajili yangu. Atakachokisema ni cha mwanaye, ndicho pekee anachokijua, na pengine ndicho kilichomvusha ziwa: kupata mtu mmoja wa kumweleza habari za mwanaye kama vile yuko hai. Nami nilimjua mwanaye. Tulikaa dawati moja miaka saba. Kwa hiyo nitamjibu yeye. Nitakuwa yeye kabisa, kwa dakika kumi, halafu Mungu atanisamehe.

"Ukiwa mdogo ulikuwa unapenda chakula gani?"

"Michembe na maziwa mgando," nikasema. Ni yeye. Alikuwa anakula mpaka anatembea na vipande mfukoni.

"Unaogopa nini?"

"Radi." Wingu likitanda ziwani alikuwa anaingia chini ya dawati na kunishika mguu.

"Ukikosewa unafanyaje?"

"Nanyamaza. Naweza kunyamaza wiki nzima."

"Mama alikuwa anakuchapa kwa kosa gani?"

"Kuchelewa kurudi na maji. Nilikuwa naimba njiani, nasahau."

"Ugonjwa uliowahi kukusumbua?"

Nikasita. "Homa," nikasema. "Homa kali, mwezi wa kumi na mbili."

Ajabu ni kwamba kadiri nilivyojibu sauti yangu ilizidi kushuka, ikawa nyembamba, ya upole, sauti ambayo sina. Mimi ni mtu wa kelele. Mwenye duka akaandika kila kitu taratibu. Nikamwona mwenzangu waziwazi, kuliko siku zote, yuko upande wangu wa kushoto amesimama kati ya ndoo, na nikaona kama ameridhika. Nikatoka nje.

Mayu akaingia. Niliegemea ukuta, nikamtazama muuza mahindi ng'ambo ya barabara akipepea moto. Walikaa ndani muda mrefu kuliko mimi. Nilisikia mwenye duka akicheka mara moja, nikasema, haya, imekwenda vizuri. Nikaanza kuhesabu siku: Jumatatu nitaanza kazi, Jumanne nitawapigia watu wa Bunda niwaambie msije.

"Binti! Ingia."

Mwenye duka alikuwa amevua miwani. Mayu amesimama pembeni ya kaunta, mikono ameishika pamoja. "Maswali matano," mwenye duka akasema, "na hakuna jibu hata moja lililokutana na mwenzake. Hata moja! Nimefanya hivi kwa watu wengi, hata wale wa kukodi hubahatisha moja. Sikilizeni."

Akasoma majibu yangu kwanza. Michembe, radi, kunyamaza, kuimba njiani, homa. Nilimtazama mayu wakati yanasomwa. Kwenye lile la michembe alishtuka kama amepigwa. Kwenye kuimba akafumba macho, na midomo ikawa inatikisika bila sauti. Alikuwa anaambiwa habari za mwanaye na mtu asiyemjua, kutoka kwenye daftari la duka.

Kisha mwenye duka akafunua ukurasa wa pili.

"Mama anasema: michembe haipendi. Nilimpelekea shuleni miaka minne, anawagawia wenzake akidhani sioni. Anapenda ukoko wa ugali, akipewa na mtu hatosheki."

Nikashika ukingo wa kaunta.

"Anaogopa bata mzinga. Walikuwepo kwa mwalimu mkuu wa sekondari, siku moja walimkimbiza mpaka akapanda meza ya ofisini. Akikosewa hanyamazi, anasema maneno yote aliyonayo, halafu anakwenda kulia chooni akiwa peke yake, ukimwuliza anasema ni moshi. Kuchapwa alichapwa na baba yake kwa kupigana na wavulana. Ugonjwa: alipofiwa na," mwenye duka akasogeza daftari karibu, "alipofiwa akawa hapati usingizi mwaka mzima, akipelekwa zahanati haonekani na kitu. Mpaka leo nadhani halali vizuri, mwangalie macho."

Akalifunga. "Sasa niambie. Huyu mama umemkodi wapi?"

Hapo maneno yakanitoka. Ningeweza kubuni kitu, mimi si mjinga. Lakini mtu akishakusoma hivyo mbele ya watu, ukoko na choo na bata mzinga, uongo unakosa pa kukaa.

"Sijamkodi!" Nilipiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuwa anachagua beseni akaliweka chini. "Mimi nimekujibu habari za mwanaye. Mwanaye amekufa, umesikia? Amekufa tukiwa na miaka kumi na minne. Hicho cheti ni chake, hilo jina ni lake, hiyo karatasi ya kuzaliwa ni yake, na hata sketi niliyosomea ilikuwa yake. Mimi si mtoto wake. Mimi ndiye niliyekula nafasi ya mtoto wake, na leo nimemleta hapa aje aniazime na jina lake yeye, kwa sababu nina mtoto na sitaki achukuliwe. Haya, nipe karatasi zangu niende."

Nje daladala zilikuwa zinapiga honi, muuza mahindi anaita wateja. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira kwamba nalia.

Mwenye duka akamgeukia mayu, polepole. "Kwa hiyo mama, hukuwa na mtoto wa kunieleza. Haya niliyoandika umeyatunga?"

"Sikutunga," mayu akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Umeniuliza habari za mtoto niliyekuja naye. Nimekupa za mtoto niliyekuja naye. Muulize kama kuna moja la uongo."

Mwenye duka akanitazama.

"Hakuna," nikasema.

"Bata mzinga?"

"Hata bata mzinga."

Akagonga kalamu mezani. Kisha akakusanya vyeti vyote, akavirudisha kwenye bahasha, akaisukuma kwangu kwa ncha za vidole. "Hivi chukua. Sitaki karatasi za marehemu dukani kwangu, na wewe utatafuta mwanasheria akwambie pa kuanzia, maana jambo hilo si dogo, linaweza kukufunga. Mimi sitalisema, lakini cheti hiki sikutambui nacho." Akapumua. "Nimeajiri wasichana saba hapa, kwa vyeti vizuri. Na mama zao wakaja. Hakuna hata mmoja aliyejua mwanaye akilia anakwenda kulia wapi."

Sikuelewa anaelekea wapi. Nikaanza kuondoka.

"Wee, simama! Jumatatu saa saba. Usichelewe, sipendi mtu wa saa saba na dakika tano. Na ukitaka kupiga kelele kama hivyo, umpigie anayetaka kupunguziwa bei, si mimi." Akafunua ukurasa mpya kabisa wa daftari, akaushindilia kwa kiganja. "Nakuandika upya. Jina?"

Nikafungua mdomo. La kwanza kuja lilikuwa la mwenzangu, lilikuja lenyewe, limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikatafuta langu, na naapa nilikuwa nalijua, lakini ilikuwa ni miaka kumi na tatu sijalitaja kwa mtu yeyote, tangu baba afe hakuna aliyekuwa ananiita, na nilisimama pale kama mtu aliyeulizwa njia ya kijiji alichopita akiwa amelala.

Mayu akalitaja. Akataja langu na la baba yangu na la babu yangu, yote matatu, kwa sauti ya juu, kama wanavyoita watoto kutoka majini jua likianza kuchwa. Alikuwa hajawahi kuniita. Mwenye duka akaandika.

Nilimgeukia ili nimshike mikono, nimwambie ile ahsante iliyonikwama tangu kivukoni. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anaangalia ile kalamu ikiandika, mpaka ilipofika mwisho wa jina langu na kuweka nukta. Ndipo akakaa sakafuni, katikati ya ndoo na mabeseni, akavua kilemba, akapiga kilio. Si machozi ya mtu aliyeguswa. Kilikuwa kilio cha msibani, cha mikono kichwani, kile ambacho ukikisikia nyumba ya tatu unaacha jiko lako unakimbia, na alikuwa anamwita mwanaye.

Nikakaa chini nikamkumbatia kwa nyuma. Watu wakaacha vyombo, wengine wakaingia kutoka barabarani wamevua kofia, wakidhani amepigiwa simu sasa hivi. Mwenye duka akashusha mlango nusu. Mama mmoja akainama karibu yangu akaniuliza kwa kunong'ona, "Poleni jamani. Amefiwa na nani?"

"Mwanaye," nikasema.

"Lini?"

Nikamwambia leo.